Unahamahama Programu za Sakiti, na Bodi Hata Moja Hujamaliza

Kila wiki kuna msee ananiuliza swali lile lile. "Bro, programu gani ndiyo noma zaidi ya kuchora sakiti?" Namjibu. Baada ya mwezi anarudi. Ile niliyomwambia ameshaiacha, ameona video ya jamaa mwingine, sasa anataka kujua kuhusu ingine. Namuuliza, umemaliza bodi ngapi? Kimya.

Sasa leo wacha niseme ukweli hata kama utauma. Shida yako si programu. Unahama ploti kila mwezi halafu unashangaa mbona sukuma wiki yako haimei.

Sikuhubirii nikiwa juu ya mti. Mimi mwenyewe nilianza na flashi. Unaijua ile flashi. Hapa West Indies kila mwanafunzi wa elektroniki ninayemjua amewahi kuishika: ndani kuna programu ya maelfu ya dola, imevunjwa leseni, na kuna faili ya maelezo inayokuambia uzime antivairasi kwanza. Na sisi tunazima! Mtu anayefunga mlango wa nyumba na kufuli mbili anaambiwa na faili asiyoijua azime ulinzi wa laptopu, anasema sawa.

Mradi wangu wa mwisho chuoni ulikuwa kidhibiti cha mashine ya kuangulia mayai. Shangazi anafuga kuku, na mayai ya kuku yanataka joto la nyuzi 37.5 hivi kwa siku 21, bila mchezo. Nilichora kila kitu kwa ile programu ya flashi. Wiki mbili kabla ya kuwasilisha, laptopu ikajisasisha usiku. Asubuhi programu inaniuliza leseni. Leseni gani? Nikakimbia kwa komredi mwenye programu hiyo hiyo, kumbe yake ni toleo la zamani, faili yangu ikakataa kufunguka. Nikachora upya siku mbili bila kulala, na makosa kibao. Siku ya siku nikaulizwa, "Bodi iko wapi?" Sikuwa na bodi. Nilikuwa na picha ya skrini.

Nilirudia mradi. Muhula mzima. Karo ya muhula huo mamangu aliitoa kwa pesa za maziwa. Kwa hivyo mtu akiniambia kraki ni ya bure, mimi najua bei yake kamili.

Kuna wale watasema, basi nunua ya halali. Poa, kama unaweza. Lakini hata mwenye kulipa hajashika usukani. Angalia EAGLE. Hiyo ilikuwa programu ya miaka mingi, hobisti wa dunia nzima wamejifunzia hapo. Autodesk wakainunua 2016, na 2017 wakaigeuza kuwa ya kulipia kila mwezi au kila mwaka. Halafu 2023 wakatangaza kwamba mwisho wake ni tarehe 7 Juni 2026. Mtu aliyejenga kazi yake yote pale aliambiwa apange mizigo. Hakukosea chochote. Alikuwa tu mpangaji kwa nyumba ya mtu.

Ndiyo maana mimi jibu langu ni moja na silibadilishi: KiCad. Ilianzishwa 1992 na Jean-Pierre Charras kule Grenoble, Ufaransa, na baadaye CERN, wale wa maabara kubwa ya fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wakaingia kusaidia kuijenga. Ni ya bure kihalali. Inafanya kazi kwa Windows, kwa Mac, na kwa Linux, kwa hivyo hata ile laptopu yako ya mtumba ukiiwekea Linux, uko sawa. Ukishaipakua, haiombi intaneti. Bando likiisha, unaendelea kuchora. Na faili zake ni maandishi ya kawaida. Hakuna mtu anaweza kuzifungia kufuli kesho. Hata faili za EAGLE inazifungua.

Najua, kupakua ni mzigo, gigabaiti moja na zaidi. Pakua mara moja mahali kuna Wi-Fi, kisha wape wenzako kwa flashi. Hiyo ndiyo flashi ninayotaka kuona ikizunguka mtaani.

Sasa wacha nikupe haki yako kabla hujanirukia. Ndiyo, Proteus ina kitu KiCad haina: unaweka kodi yako ya Arduino ndani ya mchoro na inakimbia pale pale. Ni tamu, sikatai. Chuo kikikupa hiyo kihalali kwenye maabara, itumie na ufaulu mtihani. Lakini kodi ya Arduino unaweza kuijaribu bure kwa Wokwi kwenye kivinjari. Na ukitaka kucheza na analogi, LTspice ni ya bure na ni nyepesi. Hiyo si kuhama. Nyumba ni moja, hao ni majirani unaowaazima sufuria.

Na hii vita ya "simulesheni ya nani ni kali" inanichekesha kidogo. SPICE ilitoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, 1973. LTspice, PSpice, Multisim, ngspice iliyo ndani ya KiCad, zote ni wajukuu wa huyo mzee mmoja. Hesabu zinazopigwa chini ni zile zile. Kama transista yako haifanyi kazi kwa moja, kuhamia ingine hakutaibadilisha Kirchhoff.

Kuna jambo ambalo wanaohamahama hawaligundui. Mali yako kwenye hii kazi ni maktaba yako ya vipuri. Chukua mfano huu. BC547, ukitazama upande bapa na miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. PN2222 ni kinyume: emita, besi, kolekta. Kwa mchoro zote mbili zinafanana. Kwa bodi, ukikosea, umeweka transista kinyumenyume na utalia hadi usiku wa manane ukidhani shida ni kodi. Mimi nilikosea mara moja. Nikarekebisha ndani ya maktaba yangu, nikaweka alama. Sijakosea tena. Nina vipuri kama sitini hivi nilivyovipima mwenyewe na rula, vile vinavyopatikana madukani mjini, si vile vya video za Marekani. Siku nikihama programu, hiyo yote naianza upya. Wewe unaianza upya kila mwezi.

Na tafadhali, ukishatulia, usiiamini simulesheni kuliko vidole vyako. Weka 7805 kutoka volti 12 kwenda volti 5, ivute nusu ampea. Skrini itakuonyesha volti 5 safi kabisa, unatabasamu. Lakini piga hesabu: 12 toa 5 ni 7, mara 0.5 ni wati 3.5, na zote zinageuka joto. Bila bati la kupoza, gusa uone. Kompyuta hainusi moshi. Ni bodi halisi inayokufundisha hilo, na kwa bodi halisi hufiki kama kila Jumamosi unapakua programu mpya.

Hii ndiyo changamoto yangu. Mwaka mmoja, programu moja, bodi tano. Ya kwanza iwe ya kijinga kabisa: betri ya volti 9, rezista, LED. Kama LED inataka volti 2 na miliampea 20, toa 2 kwa 9, gawa kwa 0.02, unapata omu 350. Dukani chukua 390 na usonge. Chora, iga, chapa kwa printa ya leza, hamisha na pasi, loweka kwenye dawa, toboa, chomelea. Itakuwa mbaya. Ya kwanza yangu ilikuwa kama chapati iliyoungua.

Ya tano ilikuwa kile kidhibiti cha shangazi. Niliichora KiCad, nikaichomelea hapa kwa meza ya kulia chakula, na iko pale kwake hadi leo. Vifaranga hawajawahi kuniuliza nilitumia programu gani.

Kwa hivyo usinitumie tena lile swali. Nitumie picha ya bodi.