Usilipe mashini isiyofunguka

Kavimvira – Kila mwaka, mtihani wa Serikali ukishapita na wazazi wakianza kufikiria chuo, swali lile lile linarudi kwenye simu ya redio: "Bwana mwandishi, niko na pesa kidogo, nimnunulie mtoto laptopu gani?" Jibu langu ni moja, na najua halipendezi wauzaji: usinunue laptopu. Hasa ile nyembamba, mpya, ya kung'aa, ambayo muuzaji anakuambia ni ya bei ya chini. Kwa mfuko wetu, ile ndiyo ghali kuliko zote.

Angalia kilichomo ndani. Nyingi za aina hiyo zina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Sasa Windows 11 yenyewe inadai angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Yaani mashini inatoka kwenye karatoni ikiwa imesimama tayari kwenye kipimo cha chini kabisa, kabla mtoto hajaweka hata barua moja. Baada ya miezi michache inaanza kuburuta miguu. Mzazi anasema, basi, tuongeze RAM. Fundi anaifungua, anatikisa kichwa: RAM imelehemewa juu ya bodi, na hifadhi vilevile. Haitoki. Mashini nzima inageuka takataka kwa sababu ya kipande kidogo kuliko ukucha.

Na kuna jambo linalonichoma zaidi. Lehemu inatengenezwa kwa bati. Milima ya Kivu yetu inatoa kasiterite, jiwe la bati, na inatoa coltan ambayo tantali yake inaingia katika vipande vidogo vya bodi hizo. Vijana wetu wanachimba, jiwe linaondoka kwa gunia, halafu bati inaturudia ikiwa imegandisha RAM ili sisi tusiweze kuitoa. Kule Ufaransa, tangu Januari 2021, sheria inamlazimisha muuzaji aonyeshe mteja alama juu ya 10 kuhusu urahisi wa kutengeneza kifaa, na laptopu zimo. Hapa kwetu mteja anaonyeshwa rangi na stika.

Ninachotetea mimi ni kompyuta ya mezani ya ofisi, ya okazioni: lile sanduku lenye visi. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Makampuni na ofisi za Ulaya zinazibadilisha baada ya miaka michache, nazo zinashuka mpaka Dar es Salaam, Kariakoo, kisha zinaingia kwetu kwa Kigoma na ziwa hadi Kalundu, au kwa Bujumbura na Gatumba. Zilitengenezwa ili fundi wa ofisi azifungue haraka, abadilishe kilichokufa, aende zake. Hiyo ndiyo mashini ya mtu maskini, hata kama aliyeitengeneza hakumfikiria maskini.

Nani hapa Kavimvira alijenga nyumba yake kwa siku moja? Unaweka msingi mwaka huu, matofali mwaka kesho, mabati Mungu akijalia. Kompyuta nayo inaweza kujengwa hivyo. Sisemi uanze kwa kununua bodi mpya, prosesa mpya, sanduku jipya, kila kimoja pembeni. Kwa anayeanza hiyo ni njia ya kulipa zaidi na kuharibu zaidi. Nunua sanduku la ofisi linalowaka, lenye prosesa, RAM ya GB 8 na diski yoyote iliyomo. Huo ndio msingi. Pesa ikipatikana tena, toa ile diski ya zamani inayozunguka, weka SSD ya GB 240 au 256. Hakuna kitu kingine kitakachobadilisha kasi ya mashini kuukuu kama hicho. Watu wanadhani umenunua nyingine. Baadaye ongeza RAM ya pili. Ndiyo maana mwanzoni ni bora GB 8 ziwe kwenye kipande kimoja, nafasi nyingine ibaki wazi ikingoja. Ekrani ya okazioni ya inchi 19 inatosha, au televisheni bapa ya nyumbani, lakini angalia mdomo wa kebo kabla ya kuondoka dukani, sababu masanduku mengi ya ofisi yana VGA na DisplayPort bila HDMI.

Sasa wauzaji. Siyo wote wabaya, wengine ni marafiki zangu, lakini kuna wimbo wanaoimba: "Hii ni i7, papa, hii ni full option." i7 ya mwaka gani? Ya kwanza uliyouziwa inaweza kuwa ya 2011. Soma namba inayofuata. i7-2600 ni kizazi cha 2. i5-4570 ni kizazi cha 4. i5-6500 ni cha 6, i5-8500 ni cha 8. Mara nyingi i3 ya kizazi cha 8 ni ununuzi wenye akili kuliko i7 ya kizazi cha 2, na inakula umeme kidogo. Namba hiyo inakuambia pia RAM: kizazi cha 4 kinatumia DDR3, kuanzia cha 6 mara nyingi ni DDR4, na hizo mbili haziingiliani hata ukisukuma kwa goti. Fungua, toa kipande, soma karatasi yake. Anayekukataza kufungua kabla ya kulipa amekwisha kukujibu.

Kabla ya kulipa, iwashe na uingie kwenye mipangilio ya mwanzo: kwa Dell bonyeza F2, kwa HP F10. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, iache hapo hapo. Angalia pia sanduku la umeme lililo ndani, lile tunaloita alimantasio. Dell na HP nyingi za ofisi zina plagi za peke yake, na alimantasio ya kawaida ya sokoni haiingii. Hapo ndipo wanaoanza wanalia: wamepata bodi safi kwa bei nzuri, bila alimantasio yake. Na mashini ikikuonyesha tarehe ya miaka ya nyuma kila unapoiwasha, na tovuti zikikataa kufunguka, usikubali kuambiwa bodi imekufa. Ni betri ndogo ya duara, CR2032, sawa na sarafu. Ibadilishe mwenyewe.

Kufungua hakuhitaji shule. Toa kebo ya umeme, shika chuma cha sanduku ili mwili utoe umeme wake, kisha gusa RAM kwa kingo zake. Turnevisi moja. Na brashi laini, maana vumbi la barabara letu la RN5 linaziba feni kama pamba.

Kuna pingamizi ambalo siwezi kulipita haraka, sababu linatoka kwa wahami wenyewe. Wanasema: wewe mwandishi unatuambia tununue sanduku, je, tukikimbia? Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, na tena Desemba 2025 vita ilipoingia hapa Uvira, watu walivuka kuelekea Burundi na mtoto mgongoni na godoro kichwani. Nani atabeba sanduku la kilo kadhaa mpaka Gatumba?

Hakuna. Usilibebe. Toa diski. SSD ni nyepesi kuliko simu yako. Inashikwa na visi chache au inateleza tu kwenye kifuko chake. Ifunge ndani ya kitambaa, iweke pamoja na diploma na karatasi za uzazi. Picha za familia, kazi za chuo, nakala za vyeti, vyote vimo humo, na popote utakapofika, kifuko cha USB cha bei ndogo kinaifungua kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Sanduku likiibiwa, umepoteza chuma. Ile laptopu ya kung'aa ndiyo kitu cha kwanza mwizi anachokiona, na hifadhi iliyolehemewa inaondoka nayo. Ikifa kwa maji, ni hivyo hivyo. Tuliishi Aprili 2020 Mulongwe ilipofurika, na tumeona ziwa likipanda mpaka ndani ya nyumba. Kwa hiyo sanduku likae juu ya meza, kamwe si chini.

Kwa familia ambayo haijui itaamka wapi mwezi ujao, nakubali kubadilisha ushauri. Tafuta zile ndogo za ofisi: OptiPlex Micro, EliteDesk Mini, ThinkCentre Tiny. Zina ukubwa wa kitabu kinene, unaibeba kwapani. RAM yake ni ile fupi ya laptopu lakini inatoka, diski inatoka. Utalipa zaidi kidogo kwa nguvu ile ile. Faida nyingine ni umeme: nyingi zinaendeshwa na adapta ya wati 65, na kazi ya kuandika tu inakula pungufu ya hapo, kwa hiyo nyumba yenye pano ya sola, betri na inveta ya kiasi inaweza kuivuta.

Umeme, kweli, ndiyo hoja bora ya watu wa laptopu. Inazimika hapa bila kupiga hodi. Laptopu ina betri, sanduku halina. Lakini laptopu ya okazioni inayofika hapa mara ngapi inakuja na betri ya kushika saa moja? Ondulere ya okazioni inakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Na umeme ukirudi kwa hasira ukaua alimantasio, unabadilisha alimantasio.

Wengine wananiambia simu inatosha. Kwa kusikiliza redio na kutuma pesa, inatosha. Kwa kuandika kazi ya mwisho wa masomo ya kurasa 40 haitoshi, na wanafunzi wanajua, ndiyo maana wanapanga foleni kwenye sekretarieti za mtaani wakilipa kwa kila ukurasa kuandikiwa, kisha wanalipa tena kusahihisha makosa ya aliyeandika. Yule anayeandika ndiye mwenye kompyuta. Ningependa awe binti wa nyumba yako.

Na kuna wale wanaosema muhami anahitaji unga, siyo kompyuta. Mara nyingi anayesema hivyo ana kompyuta. Muhami anahitaji unga, ndiyo, na watoto wake ambao wamekaa miezi bila darasa wanahitaji kitu cha kusoma. Diski moja yenye programu ya Kiwix inabeba Wikipedia ya Kifaransa na ya Kiswahili bila kununua megabaiti hata moja.

Pesa? Tuna likelemba, tunaitumia kwa vitenge na kwa masufuria. Watu 8 wakiweka dola 15 kila mwezi, kila zamu ni dola 120. Isipotosha ekrani, ekrani itangoja. Lakini nasisitiza jambo moja ambalo sijasikia mtu akilisema: wote 8 wanunue aina moja, modeli moja. Ya mmoja ikifa, RAM yake, alimantasio yake na feni yake zinatibu za wengine 7. Kwenye ziwa, wavuvi wenye injini za aina moja wanaelewa hesabu hii vizuri kuliko wasomi.

Shule zinaniuma zaidi. Kuna shule ya huku, sitaitaja, yenye chumba cha kompyuta za msaada. Nilipoingia zilikuwa zimefunikwa kitambaa, ufunguo kwa mkuu, na somo la informatiki lilikuwa likiendelea ubaoni kwa chaki. Mwalimu alichora klavie. Niliuliza kwa nini hazitumiki, nikaambiwa zitaharibika. Wafadhili, mkileta kompyuta 10, leteni 8 zinazofanya kazi na 2 za kuvunjwa na wanafunzi. Na acheni turnevisi.

La mwisho ni la msimu huu, na linahusu bei. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inakataa rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Ofisi za Ulaya zinatupa masanduku mazima kwa sababu hiyo tu. Ya kizazi cha 4 na cha 6 bado yana nguvu, na yanafanya kazi vizuri kwa Linux Mint, ambayo ni bure, pamoja na LibreOffice ya kuandika na kuhesabu, bure pia. Kwa hiyo mtu akikuletea OptiPlex ya kizazi cha 4 na kukuambia ina "Windows 11 orijino" ili akuongezee bei, mwombe aizime, aifungue mbele yako, na ashushe bei hiyo kabla hajarudisha kifuniko.