Hukumu haipimwi kwa shangwe

Makamanda wa Singida, tukumbushane jambo.

Tarehe 10 Mei 2019 Mahakama Kuu ilikubaliana na Bob Chacha Wangwe: wakurugenzi wa halmashauri wasisimamie uchaguzi. Hoja ilieleweka hata kijiweni. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, na Rais huyo ndiye mwenyekiti wa CCM. Halafu eti awe refa! Tukashangilia kweli kweli.

Miezi miwili baadaye, hapa hapa kwetu Singida Mashariki, kiti cha Tundu Lissu kikajazwa bila mwananchi kupiga kura. Miraji Mtaturu wa CCM alitangazwa kupita bila kupingwa. Sisemi hukumu ile ingezuia hilo. Nasema Ikungi haikuona tofauti yoyote. Tarehe 16 Oktoba Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu yenyewe, na waliokuwa wanashangilia wakasema mahakama hazina maana.

Mimi nasema tulikosea mara zote mbili.

Wangwe hakukata tamaa. Yeye na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu walikwenda Mahakama ya Afrika, Arusha. Juni 2023 Mahakama hiyo ikaiagiza Tanzania irekebishe vifungu vile. Mwaka 2024 ikaja sheria mpya ya uchaguzi, na mkurugenzi hatajwi tena kuwa msimamizi moja kwa moja. Kwa hiyo kesi iliyodharauliwa imesogeza kitu.

Ila tusijidanganye. Sheria hiyo inasema Tume itateua wasimamizi kutoka kwa watumishi wa umma waandamizi. Sasa niambie, mkurugenzi si mtumishi mwandamizi? Katolewa mlango wa mbele, dirisha likaachwa wazi.

Kwa hiyo ikitoka hukumu nyingine, kabla hujaposti, uliza matatu. Ni mahakama ya ngazi gani, na rufaa ipo? Imeamuru nini hasa, na nani atekeleze? Je, siku ya kurudisha fomu pale Ikungi, Manyoni au Iramba, mtu anayeipokea fomu atakuwa amebadilika?

Jibu la swali la tatu ndilo uzito wa hukumu. Likiwa "hapana", kazi bado: tudai kwa maandishi kujua nani kateuliwa jimboni kwetu, na kwa sifa zipi. Hukumu inatupa jembe tu, makamanda. Shamba hatujalima.