Watoto wa Mombo na Mwamba wa Pangani

Shule zilipofungwa mwezi wa Juni tulisimama Mombo kwa muda mfupi, kama wasimamavyo wasafiri wengi wa barabara kuu ya Dar es Salaam na Arusha, pale njia ya Soni na Lushoto inapochepuka kupanda mlimani. Miongoni mwa watu waliokuwa kivulini wakingoja basi ilikuwako familia moja: baba, mama, bibi yao mzaa baba, na watoto wanne. Hawakuwa wakienda msibani wala harusini. Walikuwa wakienda Pangani kutazama bahari. Baba alikuwa ameweka akiba kidogo kidogo tangu mavuno ya mpunga. Yule bibi, ambaye amekaa Mombo umri wake wote, alitwambia kuwa maji ya mto wao huishia huko, naye hajapata kuona yanapoishia.

Jambo hilo lilitufurahisha sana. Kwa muda mrefu neno utalii limetumika nchini kana kwamba lina maana ya mgeni kutoka ng'ambo mwenye kamera shingoni, na kazi ya mwananchi ni kumbebea mizigo. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905. Yaani kwa zaidi ya miaka mia moja mji huo umeunganishwa na pwani, lakini kilichosafiri zaidi ni mkonge na magunia. Leo mtu wa Mombo anapopanda basi na watoto wake kwa ajili ya kupumzika tu, hana budi kupokewa vizuri huko aendako.

Siku nne baadaye tuliwakuta tena Segera wakirudi. Bibi alikuwa na furaha, na watoto walikuwa wakisimuliana habari za samaki. Lakini mtoto wa tatu alikuwa amefungwa kitambaa wayoni, na ndani ya kikapu cha mama mlikuwa na vipande vya matumbawe vimeanza kunuka. Tukaulizana habari. Walikuwa wamepanda mashua kwenda Maziwe baada ya kubishana bei ufukoni kwa saa nzima, maana kila aliyeulizwa alitaja bei yake. Jaketi za kuokolea maisha zilikuwamo mbili, zote za watu wazima. Walifika maji yakiwa yamekupwa, watoto wakakimbia juu ya mwamba kwa miguu mitupu, wakavunja walichoweza kuvunja. Hakuna aliyewakataza. Bahari ilipoanza kujaa nahodha alikuwa amelala usingizi chini ya tanga, na fungu la mchanga walilokuwa wamekaa likawa linapungua pande zote. Bibi ndiye aliyepiga kelele.

Hatumlaumu baba yule hata kidogo. Mtu aliyelelewa chini ya milima ya Usambara atajuaje kwamba lile jiwe alilokanyaga ni kiumbe hai, kwamba tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka, na kwamba kipande alichokitia kikapuni huenda kilianza kabla ya yeye kuzaliwa? Atajuaje habari za bamvua na maji mafu? Mambo hayo huambiwa mtu na mwenyeji.

Na Maziwe si mahali pa kuchezea. Kisiwa hicho kilipotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 kilikuwa na mivinje, na kilisifika kuwa mojawapo ya mazalio makubwa ya kasa katika pwani yetu. Mapema katika miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, mchanga umemomonyoka, na kikabaki fungu ambalo maji makuu hulifunika lote. Kasa hawajakisahau. Bado huja kutaga, na watu wa pwani ya Ushongo huyachukua mayai na kuyafukia upya ufukoni kwao, maana yakiachwa pale bahari itayafurika. Mwamba unaokizunguka umepatwa na mengi zaidi. Baruti za wavuvi haramu, ingawa zilipigwa marufuku kwa sheria tangu mwaka 1970, ziliendelea kulia katika maji ya Tanga kwa miongo mingi mpaka operesheni za Serikali za miaka ya 2016 hadi 2018 zilipozipunguza sana. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyafanya matumbawe ya Afrika Mashariki yapauke, na mengi yakafa. Mwamba uliookoka hayo yote hautarajiwi kumalizwa na nyayo za watoto wa likizo.

Tena kuna jambo ambalo bibi yule alilijua kuliko maofisa wengi. Mto unaoshuka kutoka Soni hupita Mombo, huingia katika Mkomazi, na Mkomazi huingia katika mto Pangani. Udongo unaomomonyoka mashambani huko juu wakati wa masika husafiri mpaka baharini, na tope huyasonga matumbawe, ambayo hayawezi kuishi bila mwanga. Kwa hiyo mtoto wa Mombo aliyeuona mwamba ule akaupenda ana sababu ya kumwuliza baba yake habari za matuta na miti ya kando ya mto. Asiyeuona hana sababu hiyo, hata tukimhutubia vipi.

Wenzetu wa Unguja wamekwisha kutuonyesha njia. Kisiwa cha Chumbe kilifanywa hifadhi mwaka 1994, wavuvi wa zamani wakaajiriwa kuwa walinzi, na wanafunzi wa shule za Zanzibar wakawa wanapelekwa huko kuutazama mwamba kwa macho yao, wakifundishwa kuelea juu yake bila kuugusa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa karibu na bahari na hawajapata kuona kilichomo. Ikiwa hata mtoto wa kisiwani alihitaji kuonyeshwa, mtoto wa Mombo je?

Tunawaomba ndugu zetu wa visiwani na wa vijiji vya pwani wasimwone mgeni wa bara kuwa ni mtu wa kukamuliwa siku moja. Hata hivyo twajua wana dukuduku lao, nalo ni la haki. Hifadhi ya Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995 ilivijumuisha visiwa vyenye watu, kama Chole, Juani na Jibondo. Mvuvi anayeambiwa asitege pale alipotega babu yake anayo haki ya kuuliza fungu lake katika ada za wageni limekwenda wapi, na ajibiwe kwa hesabu zilizobandikwa ukutani kijijini, si kwa hotuba. Akilipata, yeye ndiye atakayemwambia mgeni ashuke juu ya tumbawe, na atasikilizwa kuliko bango lolote.

Kwa maofisa wa wilaya na wa hifadhi tuna machache, wala hayahitaji kikao cha siku tatu. Nauli ya mashua iandikwe mahali watu wanapopandia. Jedwali la kupwa na kujaa libandikwe hapo hapo, kwa Kiswahili. Mashua isiyokuwa na jaketi za watoto isichukue watoto. Taifa lililozika watu wa Spice Islander mwaka 2011 na wa Skagit mwaka 2012 halihitaji kuelezwa sababu. Vijana wa vijiji wafundishwe kazi ya kuongoza wageni, na pasiwe na safari ya Maziwe bila mmoja wao kuwamo, naye asiwe amelala.

Likizo ya Juni huangukia wakati wa kusi, bahari ikiwa chafu. Ile ya Desemba huja na kaskazi, maji yakiwa maangavu, na ndipo familia nyingi zaidi zitakaposhuka pwani. Baba yule ametwambia kuwa akijaliwa atarudi Pangani wakati huo, na safari hii atamchukua na jirani yake.