Miwani Nyeusi, Kichwa Kitupu: Sumbawanga Nayo Imepata "Wanted" Yake



Kuna trela ya dakika 3 inazunguka kwenye simu za watu tangu wiki iliyopita, Majengo mpaka Katandala, bodaboda wanaoneshana vijiweni kama vile imeshuka kutoka mbinguni. Jina la filamu halitatajwa hapa, wasije wakapata matangazo ya bure. Aliyeiona anaijua. Dada mrembo kavaa miwani nyeusi usiku wa manane, kaegemea gari. Jamaa ana bastola mbili. Risasi inatoka taratiiibu, inakata kona kwenye ukuta wa ghala la mahindi, inampata adui kwenye paji la uso. Jaketi za ngozi kila mahali. (Kwa baridi ya Juni ya mji huu jaketi siyo swaga, ni blanketi la kutembelea, lakini haya.)

Picha ni kali. Hilo lisemwe mapema ili mtu asije akasema ni wivu. Rangi safi, droni imepita juu ya Lyambalyamfipa jua linazama, mpaka mwili unasisimka. Shida ni kwamba dakika 3 zinaisha na hakuna anayeweza kukuambia wale watu wanagombania nini.

Na cha kugombania kilikuwepo. Hapo ndipo panapouma.

Hadithi ilitoka kwenye kaunta buku la kijana mmoja wa Chanji, anayekula kwa kuchora mabango ya saluni. Karibu kurasa mia, zote kwa kalamu ya bluu, kisa cha Milanzi. Kwa wasio Wafipa: Milanzi ndiyo makao ya watawala wa kwanza wa Ufipa. Wazee wanasimulia kwamba mtawala alikwenda kuwinda, nyumbani akabaki mkewe na kigoda cha enzi. Wakatokea wanawake watatu wageni, Watwa, wametembea kutoka mbali. Mtawala kurudi, kigoda kimekaliwa. Hakuna mkuki uliorushwa, hakuna aliyekufa, na nchi imeshabadilisha mikono! Ukoo wa hao wanawake ndio uliokuja kutawala Nkansi na Lyangalile. Waulize wafalme wangapi duniani wamepinduliwa na wageni watatu wenye vumbi miguuni.

Yule kijana alitumia kurasa saba nzima kuchora uso wa yule mke tu. Wageni wako mlangoni, yeye anawaangalia. Aliogopa? Aliwahurumia? Au alishamchoka mume anayekaa porini? Waliobahatika kuliona hilo daftari wanasema unafunua ukurasa unarudi tena nyuma, kwa sababu hujui yule mama anaamua nini.

Prodyuza mmoja maarufu, ambaye nusu ya harusi za mji huu kazipiga yeye video, aliazima daftari "wiki moja tu, mdogo wangu", akaacha elfu 20 ya soda. Hiyo ni mwaka jana. Kwenye trela wanawake watatu wamekuwa mmoja mwenye miwani. Kigoda kimekuwa begi la hela. Mke wa mtawala hayupo kabisa. Jina la mchoraji nalo halipo.

Alipobanwa kijiweni, prodyuza akajibu kwa kujiamini: "Kitabu ni kitabu, filamu ni filamu. Hata Wanted hawakufuata kitabu, na iliuza."

Amesema mwenyewe Wanted. Basi ni hapo hapo.

Wanted ya mwaka 2008, ya dairekta Timur Bekmambetov, mzaliwa wa Kazakhstan, hakuna mpenda mapigano asiyeijua. Angelina Jolie, James McAvoy, Morgan Freeman. Vibanda umiza vyote viliipiga mpaka diski zikachanika. Ilitengenezwa kwa dola milioni 75, ikaingiza zaidi ya milioni 340. Kwa hiyo kuuza iliuza, prodyuza hajadanganya. Iliteuliwa hata Oscar, mara mbili. Zote mbili za sauti. Yaani waliokaa kuichambua walisifia milio.

Sasa kitabu chake cha katuni, cha Mark Millar na mchoraji J.G. Jones, kilichotoka matoleo 6 kuanzia 2003, kilikuwa na habari nyingine kabisa. Humo watu wabaya wote wa dunia, wale wanaopigwa kila siku na akina Superman, waliungana mwaka 1986, wakawamaliza mashujaa wote, halafu wakaifuta dunia kumbukumbu. Hakuna anayekumbuka kwamba mashujaa waliwahi kuwepo. Dunia unayoishi, na ugumu wake wote, ni dunia ambayo wabaya walishinda. Siyo kitabu kitakatifu, kimejaa matusi na unyama, na wa kukichukia ana haki yake. Ila kina neno. Ukurasa wa mwisho yule kijana Wesley anakugeukia wewe msomaji na kukucheka usoni, kwamba umekaa unanunua vitabu huku wenye dunia wanakula.

Hollywood walifanyaje? Wabaya wakatolewa. Mashujaa waliouawa wakatolewa. Fox, ambaye kwenye kitabu ni mwanamke mweusi, akawa Angelina Jolie. Kilichobaki ni mfanyakazi wa ofisi mnyonge anayegundua baba yake alikuwa muuaji hodari, akapigwa ngumi wiki kadhaa, akawa hodari na yeye. Na risasi zinazopinda. Mwisho naye anageukia kamera na kukuuliza wewe umefanya nini, lakini yale maneno hayaumi tena. Yamekuwa kama tangazo la jimu.

Halafu wakaongeza mashine ya kufuma. Eti miaka elfu iliyopita wafumaji walianzisha chama cha siri, na nyuzi za kitambaa zikikosea zinaandika jina la mtu wa kuuawa. Mfipa akiona hapo anatakiwa acheke au alie. Hii nchi ilikuwa na wafumaji wa kweli. Wasafiri wa Kizungu waliopita karne ya 19 waliandika kuhusu nguo za pamba za Ufipa na bonde la Rukwa: pamba inasokotwa kwa mkono, inapandishwa kwenye kitanda cha mfumi, siku zinahesabika mpaka nguo moja iishe, ndipo nguo za viwandani kutoka nje zikaja kuwanyang'anya soko. Anayejua kufuma anajua uzi ukikosea mahali pamoja, kazi ya siku nzima imeharibika. Kwenye Wanted kuna kiwanda kizima cha nguo na hakuna mtu hata mmoja anayejali kitambaa. Mashine iko pale kama bahati nasibu ya kutoa majina.

Haki itendeke, kuna sehemu moja filamu ile ilikaribia kuwa na uti wa mgongo. Fox anapoambiwa kwamba jina lake na la wenzake wote yameshatoka kwenye kitambaa, hakimbii. Anarusha risasi inayozunguka duara, inawapitia wote, inarudi kumwua yeye mwenyewe. Mtu anayekufa kwa sheria aliyowaulia wengine! Hapo palikuwa na filamu nzima. Ilipewa sekunde kadhaa, kisha wakarudi kwenye kumsaka Morgan Freeman.

Kubadilisha siyo dhambi. Men in Black ya 1997 nayo ilitoka kwenye katuni, wakaigeuza vibaya sana, kitu cha kutisha kikawa cha kuchekesha. Lakini walipotoa waliweka. Mzee mchovu anayetamani kumsahau kila mtu ili apumzike, watu wanamkumbuka mpaka leo. Anayetoa moyo na kuweka miwani hajabadilisha kitu, kapora.

Watetezi wanasema mkulima katoka kuuza mahindi, kachoka, anataka burudani, siyo shule. Mkulima yupi huyo? Kizazi kilichopita nchi hii kilingojea gazeti la Sani kwa ajili ya Ndumilakuwili, mtu asiye na misuli wala bastola, mdomo wake tu. Na ingia kibanda chochote uone filamu tupu ikichezwa: mkalimani anahangaika kuwatungia wahusika maneno, anawapa majina ya mtaani, anawaingizia ugomvi wa shemeji na mawifi. Watu wanamcheka yeye na kumlipia yeye. Pengo lile anaziba yeye, kwa sababu aliyetengeneza aliliacha. Watu hao hao jioni wanamsikiliza bibi masaa mawili bila mlipuko hata mmoja.

Prodyuza huyu ana kipaji, ndiyo maana inaudhi. Mtu anayejua kusubiri jua lizame vile juu ya mlima angeweza kusubiri uso wa mama mmoja aliyeachiwa kigoda. Kamera ipo, milima ipo, wanawake watatu wa kutembea njiani hata wake zake kaka zake wangekubali kwa pilau. Kisa hiki hakihitaji kununua risasi ya bandia hata moja, kwa hiyo suala la bajeti asilete.

Inasemekana filamu yenyewe itaoneshwa ukumbini baada ya mavuno. Kabla ya hapo jina la kijana wa Chanji liwekwe kwenye bango, kwa herufi zinazosomeka, na alipwe kama mtunzi, siyo elfu 20 ya soda. Na daftari lirudi. Amelifuata mara nne, anaambiwa liko kwa editha, editha anasema liko kwa prodyuza. Simu yake ni ya kitochi, hakuwahi kulipiga picha. Zile kurasa saba za yule mama hazipo mahali pengine popote.