Kuanza Upya si Kupoteza Wakati

Yako mazoea yanayoingia katika vyumba vya kompyuta vya shule zetu ambayo, kwa maoni yangu, yafaa kukomeshwa mapema. Mwanafunzi husahihisha programu yake ya Python, kisha huipakia upya bila kufunga kikao cha kazi alichokwisha kukifungua, akiamini kwamba mambo ya zamani yamefutika. Sivyo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Yakobi, Njombe, katika nyanda zinazolima viazi mviringo. Tuseme anaunda faili la moduli aliloliita «mazao», na ndani yake anaandika bei ya kilo moja kuwa shilingi 600. Katika kikao chake anaandika «import mazao», kisha «from mazao import bei». Gunia la kilo 100 linampa shilingi 60,000. Bei inapopanda, analisahihisha faili na kuweka 800, halafu anarudia amri zake zote. Jibu ni 60,000 vilevile! Sababu ni kwamba Python huisoma moduli mara moja tu katika kikao. Baadaye kila anayeiomba hupewa ile iliyokwisha kuhifadhiwa katika kumbukumbu.

Ndipo anapoambiwa atumie «importlib.reload(mazao)». Amri hii hulisoma faili upya, na «mazao.bei» huwa 800. Lakini jina «bei», alilolichukua hapo kwanza, limeshikilia 600. Sasa kikao kimoja kina bei mbili, na hakuna onyo lolote linalotolewa.

Hatari haziishii hapo. Vitu vilivyoundwa kabla ya kupakia upya huendelea kufuata kanuni za zamani. Moduli nyingine zilizochukua majina kutoka «mazao» hubaki nayo yaleyale. Lililo baya zaidi ni kwamba jina lililofutwa katika faili hubaki hai katika kumbukumbu. Programu hufanya kazi leo, na kesho kompyuta ikiwashwa hukataa kabisa.

Wapo watakaosema kwamba amri hii ina manufaa. Ni kweli, kwa fundi anayejua alichokiacha nyuma, hasa pale ambapo kusoma data upya huchukua muda mrefu. Hata hivyo, toleo la 3.0 la mwaka 2008 liliiondoa «reload» katika orodha ya amri zilizo tayari mkononi, na tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014 makao yake ni «importlib». Anayeitaka sharti aiendee.

Kwa shule, jambo hili ni zito zaidi. Pale wanafunzi kadhaa wanapotumia kompyuta moja kwa zamu, kundi la pili laweza kurithi majina yaliyoachwa na kundi la kwanza. Mwalimu wa kemia hakubali jaribio lililofanywa katika chupa isiyooshwa. Kwa nini sisi tukubali jibu lililotoka katika kumbukumbu yenye masalia? Jibu lisiloweza kupatikana tena kutoka mwanzo safi si ushahidi wa kisayansi.

Kwa hiyo napendekeza kanuni moja kwa walimu wenzangu: kabla ya kutoa alama, mwanafunzi afunge kikao, afungue kipya, na aiendeshe programu yake tangu mwanzo hadi mwisho mbele ya macho yetu. Kazi hiyo huchukua sekunde chache tu, nayo humfundisha kijana kutoliamini jibu lake kabla ya kulijaribu.