Baiskeli haina breki, mtoto anaogopa: Mzazi afanyeje?

BINTI wa miaka 14 amesimama pembeni ya uwanja, helmeti kichwani, mikono imelowa jasho. Mbele yake mbao zinapanda kama paa la nyumba. Wiki tatu nzima alikuwa akiihesabia siku hii. Sasa anamnong'oneza mama yake: "Mama, turudi nyumbani. Tumbo linaniuma."

Mama mwenyewe hakuwa na nafuu. Ni mzaliwa wa Tanga anayeishi London, na mara ya mwisho kupanda baiskeli alikuwa msichana mdogo. Aliendesha baiskeli kubwa ya baba yake kwa kupitisha mguu chini ya fremu, maana kiti hakukifikia. Safari hii alilipia nafasi mbili, yake na ya binti, akijua kwamba mtoto akimwona amekaa jukwaani na simu mkononi, neno "jikaze" halitakuwa na uzito.

Mahali penyewe ni uwanja wa ndani wa baiskeli uliojengwa mashariki mwa London kwa ajili ya Olimpiki ya 2012. Njia yake ina urefu wa mita 250 na imetandikwa mbao za msonobari. Kwenye sehemu zilizonyooka mwinuko ni nyuzi 12, lakini kwenye kona unafika nyuzi 42. Ukisimama chini ukatazama juu, unajiuliza baiskeli itang'ang'aniaje pale.

Tena si baiskeli ya mtaani. Haina breki wala gia za kubadilisha. Pedali zimefungwa pamoja na gurudumu la nyuma, hivyo gurudumu likizunguka na miguu inazunguka. Anayetaka kupunguza mwendo hulegeza nguvu ya miguu kidogo kidogo. Akikaza miguu ghafla ili asimame, baiskeli itamrusha.

<b>Tumbo linauma kweli</b>

Mzazi asidhani mtoto anadeka. Ubongo unapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, pumzi hukatika katika, viganja hutoa jasho. Damu nyingi huelekezwa kwenye misuli ili mtu aweze kukimbia au kupambana, na tumbo hupunguziwa kazi. Ndiyo maana mtoto mwenye hofu hulalamika tumbo au kutaka kwenda chooni kila baada ya dakika tano.

Hapo wazazi wengi hufanya moja ya makosa mawili. Wa kwanza husema, "Acha uoga, mbona wenzako wanaweza?" Mtoto haachi kuogopa. Anachojifunza ni kuficha. Wa pili humhurumia haraka: "Basi mwanangu, twende zetu." Mtoto hupata nafuu papo hapo, na ubongo wake hujifunza kuwa dawa ya hofu ni kukimbia. Siku nyingine hofu hiyo hurudi ikiwa kubwa zaidi.

Mama yule alishika njia ya katikati. "Hata mimi naogopa, mwanangu," alimwambia. "Tuzunguke chini kabisa, mara moja tu. Baada ya hapo utaamua mwenyewe."

Kisha wakapumua pamoja: kuvuta hewa puani kwa hesabu ya nne, kuitoa taratibu kwa hesabu ya sita. Hii si imani tu. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta husaidia kupunguza mapigo ya moyo.

<b>Ngazi kwa ngazi</b>

Mwalimu wa uwanja hamwanzishi mgeni kwenye kona ya juu. Kwanza wote walishika reli ya pembeni ili wazoee kukaa kwenye baiskeli iliyosimama. Wakazunguka sehemu ya chini iliyo tambarare, wakijifunza kutoacha kukanyaga. Baadaye wakapanda kwenye ukanda wa buluu ulio chini ya njia, kisha mstari mweusi, halafu mwekundu. Mstari wa juu zaidi, wa buluu, uliachwa kwa waliojisikia tayari.

Somo gumu lilikuwa la mwendo. Barabarani mtu akiogopa hupunguza kasi. Kwenye kona ya mbao, anayepunguza kupita kiasi ndiye anayeteleza, kwa sababu mwendo ndio unaoyashikilia matairi kwenye mwinuko. Macho nayo yanatakiwa kutazama mbele, kule mtu anakokwenda, wala si kwenye gurudumu.

Mama aligundua hilo kwenye kona yake ya kwanza. Miguu ilianza kulegea, na mwalimu akapaza sauti kumtaka aendelee kukanyaga. Alikanyaga, kona ikapita. Binti alikuwa nyuma yake, na aliona kila kitu: mama akiogopa, mama akiendelea.

Saa moja ilipokwisha, binti alikuwa amefika mstari mwekundu. Mama aliugusa mweusi mara mbili, akarudi chini.

Katika uwanja huo huo, mwaka 2012, Mwingereza Laura Kenny, wakati huo akijulikana kama Laura Trott, alitwaa dhahabu zake mbili za kwanza za Olimpiki. Amestaafu akiwa na tano. Alizaliwa kabla ya wakati, pafu moja likiwa limesinyaa, na baadaye akagundulika kuwa na pumu. Wazazi wake walishauriwa wamwingize kwenye michezo ili kusaidia upumuaji wake. Alianza baiskeli akiwa na miaka minane, pale mama yake alipoamua kuendesha ili apunguze uzito, na watoto wakamfuata.

<b>Pasipo na uwanja wa mbao</b>

Ngazi hizi zinafaa popote: mtoto anayeogopa maji ya kina, anayetakiwa kusoma mbele ya darasa, au anayeanza bweni. Mzazi aitaje hofu bila kuicheka, aigawe kazi katika hatua ndogo, amwachie mtoto uamuzi wa hatua inayofuata, na asifie kujaribu kuliko ushindi. Inapowezekana, naye ajaribu.

Kwa mtoto mwenye pumu au tatizo la moyo, daktari aulizwe kabla ya mchezo wowote wa kasi, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu. Hofu inayomkosesha mtoto usingizi au shule kwa wiki kadhaa si woga wa mara ya kwanza. Hiyo inahitaji mtaalamu.

Kwenye treni ya kurudi, binti alikaa kimya vituo viwili.

"Mama, kona ile bado naiogopa."

"Hata mimi."

"Sasa tutarudi lini?"