Kisu butu ni deni: tujinolee wenyewe, tena kwa pembe moja



Kila asubuhi, mbele ya kuingia shimoni, tunauliza maswali yaleyale. Taa iko? Kamba ni nzima? Nani anabaki juu? Ni mara chache sana kusikia mtu anauliza: kisu kinakata? Sisi wa sendika tunaona hilo ni kosa, na leo tunataka kulisema wazi.

Tuanze na yaliyotupata. Wakati wa mvua, mmoja wetu alikuwa anakata kamba ya mfuko wa mawe. Alikuwa na kisu chake cha kukunja, kile cha mfukoni ambacho karibu kila mmoja wetu anacho. Kilikuwa butu kama mgongo wa kijiko. Alivuta mara ya kwanza, kamba haikukatika. Akakaza mkono, akavuta kwa nguvu. Kisu kikateleza, kikaingia kwenye kidole gumba cha mkono uliokuwa umeshika kamba. Mpaka leo kile kidole hakikunjiki vizuri.

Alikaa nyumbani majuma matatu. Pesa ya dawa alikopeshwa, deni likaandikwa kwenye daftari ya shimo, likangoja siku ya kugawa. Siku ilipofika, sehemu yake ilikuwa imeshakwenda. Mke wake alituambia neno moja ambalo hatujalisahau: "Kisu ya pesa kidogo imekula pesa ya mwezi muzima."

Wazee wanasema mwenye kisu kikali ndiye anakula nyama. Sisi tunaongeza: mwenye kisu butu anajikata mwenyewe. Watu wengi wanaogopa kisu kikali, wanadhani kile butu ni cha usalama. Ni kinyume. Kisu kikali kinaingia pale unapotaka, kwa nguvu ndogo. Kisu butu kinakuomba nguvu, na nguvu ikishatoka mkononi huijui tena itaishia wapi. Mama anayemenya muhogo jikoni Kadutu analijua hilo sawa na kijana anayekata kamba Kamituga.

Sasa tunanoaje? Tuseme ukweli: vibaya. Mmoja anasugua kisu kwenye simenti ya mlango. Mwingine kwenye kitako cha sahani. Mwingine anakipeleka kwa soudeur, kinapitishwa kwenye meule ya umeme, cheche zinaruka, dakika moja kimekwisha. Kinarudi kinang'aa, tunafurahi. Baada ya siku mbili ni butu tena. Kwa nini? Meule inayozunguka mbio bila maji inachoma makali. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya bluu pale kwenye ncha ya makali, jua ugumu wake umekwisha kutoka. Chuma kile kimekuwa laini, hakitashika makali mpaka ile sehemu iliwe yote.

Na kule kwenye simenti shida ni nyingine: mkono unacheza. Mara unainua mgongo wa kisu, mara unaushusha. Kila ukipitisha, pembe inabadilika, na makali badala ya kuwa membamba yanakuwa mviringo. Kunoa si kusugua sana. Kunoa ni kusugua kwa pembe moja, toka mwanzo mpaka mwisho, upande huu na upande ule. Siri yote iko hapo.

Ndiyo maana huko ng'ambo walitengeneza vyombo vya kuongoza mkono. Kuna kimoja cha Marekani kinaitwa Lansky. Kisu kinabanwa kwenye kishikio, jiwe linafungwa kwenye fimbo nyembamba ya chuma, na fimbo inapita kwenye tundu. Matundu yako manne: digrii 17, 20, 25 na 30. Ukichagua tundu lako, mkono hauwezi tena kudanganya. Hata mtu ambaye hajawahi kunoa anapata makali ya kunyoa nywele za mkono. Ni chombo kizuri. Lakini kwa mchimbaji wa Mwenga au wa Kalehe, kukingoja kifike hapa ni kungoja mvua wakati wa kiangazi.

Hatuna sababu ya kungoja. Kinachotakiwa si kile chuma, ni ile pembe. Na pembe inatengenezwa kwa mbao.

Chukua kipande cha mbao kutoka kwa seremala, mara nyingi anavitupa. Kikate kiwe kama kabari: chini kiwe na urefu wa sentimita 10, na upande mmoja usimame sentimita 3 na milimita 6. Mteremko wa juu ndio digrii 20, pembe inayofaa kisu cha jikoni na kisu cha mfukoni cha kazi nyepesi. Kwa kisu kinachokata kamba ngumu na miti, simamisha upande ule sentimita 4 na milimita 7: hapo una digrii 25, makali yanayovumilia zaidi. Kama jiwe lako ni refu kuliko kabari, tengeneza kabari mbili zinazofanana, moja kila upande wa jiwe. Piga vimisumari chini ya jiwe lisiteleze.

Jiwe lenyewe linapatikana sokoni, Kadutu au Nyawera. Tafuta lile la pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Lilaze kwenye mteremko, sehemu ya juu iwe mbali na wewe. Limwagie maji. Maji yanabeba unga wa chuma, jiwe halizibi, na vumbi halikuingii puani. Sasa shika kisu, ubapa wake ulale sawasawa kama meza, makali yatazame mbele, kule juu. Usijisumbue tena kutafuta pembe, mbao imeshaitafuta. Kazi yako ni moja tu: ubapa usiiname. Weka jiwe karibu na ukingo wa dirisha au wa meza, jicho lako lilinganishe kisu na ule ukingo.

Sukuma pole pole, toka kwenye mpini mpaka kwenye ncha, vidole vikae mbali na makali. Pitisha upande mmoja mpaka upande wa pili ukipapaswa kwa kidole (toka mgongoni kwenda nje, hapana kufuata makali) usikie kitu kinakwaruza, kama ukucha mdogo wa chuma. Hiyo ni alama kwamba umefika kwenye ncha kabisa. Geuza, fanya vile vile. Halafu hamia upande laini wa jiwe, mkono mwepesi. Mwisho, vutia kisu kwenye mukaba wa zamani wa ngozi, mgongo ukitangulia, ule ukucha wa chuma utoke. Kama una wasiwasi, paka makali rangi ya fetri mbele ya kuanza. Ukisukuma mara mbili, tazama: rangi ikitoka pale juu tu, kisu kimelala mno, ikitoka kwenye ncha peke yake, umekiinua mno, ikitoka yote, uko sawa.

Na yule ambaye hata mbao hana, ashike kipimo hiki kichwani: inua mgongo wa kisu juu ya jiwe kwa theluthi moja ya upana wa ubapa. Kisu cha sentimita 3, mgongo uinuke sentimita 1. Ni karibu digrii 20.

Tunajua maneno ambayo tutaambiwa. Mwingine atasema: "Nyinyi ba sendika, watu wanakufa ndani ya mashimo, na nyinyi munatuletea hadisi ya kisu?" Hatujasahau. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua ilijaza mashimo na kuua watu wapatao 50. Hakuna jiwe la kunolea ambalo lingewaokoa, na hatutaacha kudai mashimo yenye nguzo na yenye mtu wa kusema "leo hakuna kuingia". Lakini mwenye kuzoea kuuliza kama kisu kinakata ndiye atazoea kuuliza kama nguzo inashika. Asiyeuliza dogo halitauliza kubwa.

Mwingine atasema tunataka kunyang'anya forgeron mkate wake. Hapana kabisa. Burin na pic vinahitaji moto, nyundo na mtu anayejua kuangalia rangi ya chuma. Hiyo ni kazi ya forgeron, abaki nayo, na alipwe vizuri. Kisu cha mfukoni hakihitaji moto. Kinahitaji maji, jiwe na nusu saa ya Jumapili.

Lakini hapa ndipo tunataka tusikilizwe vizuri na mapedeje, na wakubwa wa kooperative vilevile. Sheria ya migodi, ile iliyosahihishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka mchimbaji mdogo awe ndani ya kooperative iliyokubaliwa. Sawa. Kooperative inapokea michango yetu. Basi jiwe la kunolea na kabari yake viwe ndani ya vyombo vya kila shimo, pamoja na kamba na taa, vihesabiwe kwenye gharama za shimo, visiandikwe kwenye deni la mtu. Na anayeumia kwa chombo cha kazi, dawa yake isikatwe kwenye sehemu yake kimya kimya siku ya kugawa. SAEMAPE, ambayo jukumu lake ni kusindikiza wachimbaji wadogo, inapokuja kufundisha, iweke somo la vyombo mbele ya somo la makaratasi. Hatuombi jambo kubwa. Bei ya jiwe moja ni ndogo kuliko bei ya kidole kimoja.

Na kwetu sisi wenyewe: tusingoje mkubwa. Jumapili hii, toa kisu chako mfukoni, na kile cha jikoni pamoja nacho. Ita mtoto wako, wa kiume au wa kike, akate ile mbao kwa rula ya shule. Sentimita na digrii anazosoma darasani zitapata kazi. Bamama wanaotwanga mawe wana vumbi la kutosha vifuani, hawastahili kurudi nyumbani kupigana na muhogo kwa kisu kisichokata. Kisu kikishanolewa, kikunje vizuri. Njiani kikae ndani ya mfuko wa vyombo vya kazi, kisikuletee maneno na watu wa barrière.

Halafu Jumatatu asubuhi, mbele ya kushuka, baada ya taa na kamba, mmoja wetu aulize kwa sauti: kisu kinakata? Kama jibu ni hapana, jiwe liko pale juu, maji yako pale, dakika kumi zinatosha. Shimo halitakimbia.